Seli hizi hazifanani kama mnavyoandika

Makala yenu yasema trastuzumab, dawa ya saratani ya matiti, hutengenezwa na seli zilizo sawa kabisa. Sivyo. Seli hizo zatokana na ovari ya hamsta wa China (mnyama mdogo kama panya), zakuzwa maabarani tangu 1957, na kromosomu zake (nyuzi zibebazo jeni) huvunjika na kuungana upya. Hata zikizaliwa na seli moja, baada ya muda nyingine hutoa protini, ambayo ndiyo dawa yenyewe, tele, nyingine kidogo, na sukari zinazobandikwa kwenye protini hutofautiana. Ndiyo maana kila toleo, yaani kila fungu la dawa linalotengenezwa kwa pamoja, hupimwa.

Mamangu hudungwa dawa hii hapa Mombasa kila wiki 3. Kichupa chenye unga mweupe huonyeshwa kwanza, nami hunakili namba ya toleo kwenye daftari lake. Jamani, wauguzi waiandike kadini kwa kila mgonjwa.