Ofa ya Saizi 38

Naandika haraka kabla stori ya Chidi haijafika Kibaha. Sijakamatwa. Sijakwepa kodi. Na sikulia, lile lilikuwa jasho.

Mnaoijua fremu yangu ya viatu pale Mwenge mnajua pia kwamba mimi na mahesabu hatusalimiani. Mwaka huu nikasema makadirio ya kodi kule ofisi ya mapato naenda na mtaalamu. Nikamchukua mzee mmoja wa mtaani kwetu, mhasibu mstaafu, ambaye ada yake ni supu na chapati mbili. Akanikalisha chini: "Kijana wangu, mauzo yako yanacheza kwenye milioni 9 kwa mwaka. Wa kati ya milioni 7 na 11 asiye na kumbukumbu za mauzo analipa 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000, jumlisha asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Haya, piga."

Nikapiga. 150,000. Yaani laki nzima inabaki mfukoni kwa ajili ya daftari tu!

Na daftari lipo. Analiandika Zai, binti anayeniuzia dukani. Mimi huwa naangalia jumla ya mwisho wa mwezi, basi. (Mliokwisha kusema "ahaa", tulieni.)

Ilikuwa mwishoni mwa Machi, awamu ya kwanza ya malipo inakaribia kufungwa, benchi limejaa mpaka mlangoni. Chidi nyuma yangu na TIN yake mkononi. Afisa ni mama wa makamo, mpole kabisa. Akapokea kaunta buku langu. Akalamba kidole. Akafunua. Akatulia. Akavua miwani, akaifuta kwa mtandio, akaivaa tena.

"Baba, hapa sijaelewa."

Kisha akasoma, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "'Kandambili za kike saizi 38, bure, dada wa saluni. Bosi amesema ni ofa.'"

Mzee wangu akakohoa.

Karatasi ikageuka. Jamani, sikujua karatasi ina kelele kiasi kile.

"'Raba nyeupe saizi 38, bure. Ofa tena.'"

Benchi zima kimya. Feni tu ndiyo inaongea.

"'Bosi kachukua 20,000 ya vocha na chipsi, kasema nisiandike.'"

Kaandika kwamba nimesema asiandike! Zai!

Nikanyoosha mkono nilichukue daftari langu kistaarabu. Mama akalisogeza upande wa pili bila hata kuniangalia, akalamba kidole tena.

"'Viatu virefu vyekundu saizi 38, bure. Dada wa saluni bado hapokei simu ya bosi.'"

Kuna mtu kule nyuma akasema, "Maskini wa Mungu."

Hapo ndipo nilipoona nijitetee kitaalamu. Nikasema, "Mama, hizo nilikuwa naomba zihesabiwe gharama za matangazo." Mzee alinifinya paja, lakini neno lilishatoka.

Mama akanitazama juu ya miwani. "Kwa kundi lako tunaangalia mauzo, baba. Gharama hatuzitoi. Mapenzi ndiyo kabisa."

Benchi likavunjika. Mlinzi aliingia kuuliza kuna nini.

Mengine mafupi. Daftari limekubaliwa, mama anasema anayeandika mpaka aibu za bosi wake hawezi kudanganya mauzo. 150,000 kwa awamu 4, ya kwanza 37,500 nimeshalipa. Mzee alikunywa supu yake mabega yakimtikisika. Chidi, nyie mnamjua, alikuwa tayari kwenye grupu.

Zai sasa anataka nyongeza ya mshahara, eti serikali imemsifia. Na dada wa saluni, ambaye hajawahi kupokea simu yangu hata moja, jana usiku kapiga mwenyewe. Hakuna salamu. Anauliza kama kwenye daftari imeandikwa 38, mbona vile vyekundu nilimpa 37, vinambana vidole mpaka leo?