Detroit wanamlalamikia mwenye mradi usoni, sisi tunasubiri X ya kubomolewa

Barua ya mwenye nyumba imenikuta asubuhi hapa Detroit, Marekani: mkataba ukiisha, kodi inapanda, kwa sababu mtaa umechangamka. Uchangamfu wenyewe ni migahawa mipya na kahawa ambayo kikombe kimoja ni kilo ya nyama pale Buguruni, Dar.

Kabla hamjaanza, niseme Detroit naipenda. Mji uliotangaza kufilisika mwaka 2013 leo unawaka taa. Stesheni ya Michigan Central ilifungwa 1988 ikageuka gofu, Ford wakainunua 2018, na 2024 ikafunguliwa upya. Jirani yangu, bibi mzaliwa wa hapa, alikwenda kuiona akarudi anafuta machozi ya furaha. Jioni ileile akaanza kulaani: wanaupamba mji ili wahamie wengine!

Tofauti ni kwamba yule bibi ana pa kupeleka maneno yake. Wapiga kura walipitisha sheria 2016: mradi wa dola milioni 75 kwenda juu, ukibebwa na ruzuku ya umma, lazima mwenye mradi akae na kamati ya wakazi 9. Nilihudhuria kikao. Bwana wa tai kasimama na michoro yake, mama mmoja akamkatiza: malori yatapita saa ngapi? Vumbi je? Vijana wetu mtaajiri wangapi? Bwana akawa anaandika tu.

Kwetu Dar unatoka kuoga unakuta X nyekundu ukutani, alama kwamba nyumba itabomolewa. Mpangaji wa Kariakoo anajua nyumba imeingia ubia na mwekezaji siku dalali anapomletea habari za chumba Mbagala. Mwenye kiwanja atapata fleti zake juu. Mpangaji anapewa miezi mitatu, tena akiwa na bahati.

Najua mtasema huyu kashiba dola, anatuona washamba. Wakuu, mimi nimekulia mtaa wa Gerezani, hapohapo Dar, hayo mambo sikusimuliwa. Mwingine atasema vikao havijengi ghorofa, na mbona kodi yako imepanda vilevile? Imepanda, ndiyo. Jimbo la Michigan lina sheria ya 1988 inayozuia miji kuweka kikomo cha kodi ya pango, hivyo kamati inaweza kudai bustani na ajira, lakini kwenye pango mikono yake imefungwa. Na kabla ya uchangamfu huu, maelfu walinyang'anywa nyumba kwa madeni ya kodi ya majengo, wakati jiji lenyewe lilikuwa limekadiria thamani za nyumba juu kupita kiasi. Wamarekani siwatetei.

Halafu mtanitupia Magomeni Kota. Nitupieni, naidaka kwa mikono miwili: nyumba za kaya 644 zilibomolewa, na 2022 yakafunguliwa maghorofa palepale kwa ajili ya kaya hizohizo. Detroit hawana cha kuweka pembeni ya hilo. Lakini zile zilikuwa nyumba za serikali, na wenyewe walipiga kelele karibu miaka kumi huku wakipanga huku na kule. Mimi namsemea yule wa Kariakoo mwenye chumba kimoja na mkataba wa mdomo. Aulizwe kabla greda halijafika, hata kama jibu lake litakuwa "jengeni tu, nipeni hela ya kuhamia". Wengi wangejibu hivyo, nawajua.