Kabla ya Kwenda Jangwani na Gari Moja, Mwambie Mama Yako

Wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana cha Ijumaa, mpwa wangu alinionyesha orodha ya vitu alivyonunua kwa ajili ya safari ya peke yake kwenye ramla za Wahiba, jangwa la matuta ya mchanga hapa Oman, mwishoni mwa Desemba. Orodha ilikuwa nzuri: mbao za kukwamulia gari, kompresa, madebe ya petroli, jeki ndefu, winchi mpya, yaani mashine ya kulivuta gari lililokwama. Nilipomuuliza ni nani atakayejua alipo iwapo Jumamosi usiku hajarudi, aliinamisha sauti ili mama yake aliyekuwa jikoni asisikie. “Mjomba, Mama nimemwambia naenda Sur kwa rafiki zangu. Nikimwambia ukweli hatalala.”

Tangu siku hiyo sijatulia, na najua si yeye peke yake. Vijana wengi wa Maskati hufanya hivyo hivyo, na baadhi ya watu wazima nao. Sur iko pwani. Yeye atakuwa mchangani, kati ya Bidiyah iliyo kaskazini ya ramla na Muhut iliyo kusini. Akichelewa, watu watamtafuta mahali ambapo hajakanyaga, na kila saa watakayotumia huko itakuwa saa aliyoipoteza mwenyewe kabla hata hajawasha gari.

Nianze na ninalolikubali, ingawa nalikubali kwa shingo upande. Kwenda na gari moja si dhambi. Wapo wasio na rafiki mwenye gari linalofaa mchangani, wapo wanaotaka utulivu ambao msafara wa magari saba hauwezi kuwapa, na wapo akina baba wanaotaka watoto wao wazione nyota bila muziki wa watu wengine. Kanuni isemayo kwamba gari moja lisiingie mchangani kamwe imeokoa watu, na ningependa kila mtu aishike. Lakini kila Alhamisi jioni magari yanatoka mjini moja moja kuelekea Sharqiya, upande ziliko ramla hizo, na kukariri kanuni mbele ya mtu ambaye ameshaamua kuivunja hakumsaidii. Anachohitaji ni mpango wa kweli.

Mpango huo unaanza kwa kuelewa majira ya baridi yanatupa nini hasa, kwa sababu kila mtu husema kwamba baridi hulifanya jangwa kuwa rahisi. Mchanga ni ule ule. Kinachobadilika ni muda. Mwezi wa Agosti 2024, upande wa Saudia wa Rub al-Khali, lile jangwa kubwa la mchanga kusini mwa Arabuni, wafanyakazi wawili walipotea, gari likaishiwa mafuta, simu ikaisha chaji, na walikutwa wamefariki kando ya gari lao. Katika joto la namna ile nafasi ya kuokolewa huhesabiwa kwa saa. Mwezi wa Januari, mtu mwenye afya aliyetulia kivulini mwa gari lake na mwenye maji ya kutosha anaweza kungoja kwa siku kadhaa. Hakuna kifaa dukani kinachoweza kumpa mtu aliyekwama peke yake zawadi kubwa kuliko hiyo. Lakini siku hizo zina faida kwa sharti moja tu: pawepo mtu, mahali penye mtandao wa simu, anayejua kwamba umechelewa na anayejua pa kuanzia kukutafuta.

Kila mzoefu wa jangwa atakuambia usiliache gari lako, na atakuwa amesema kweli, kwa kuwa gari huonekana kutoka angani mapema kuliko mtu anayetembea, nalo lina kivuli, maji na vioo vya kumulikia jua. Tatizo ni kwamba wengi huupokea ushauri huo bila kuufikiri hadi mwisho wake. Kukaa na gari maana yake ni kumngoja mtu mwingine aje. Aliyeaga kwamba anakwenda Sur ameshajinyima mtu huyo, na akikaa na gari lake bondeni kusini ya Bidiyah, anatii ushauri ambao yeye mwenyewe ameuondolea msingi.

Uchaguzi wa njia nao unafuata hapo. Ramla za Wahiba, ambazo siku hizi huitwa rasmi Ramla za Sharqiya, zina urefu wa kilomita 180 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na upana wa kilomita 80 hivi. Kwa hesabu ya ramani, basi, mtu aliye katikati kabisa yuko kilomita 40 tu kutoka ukingo wa mashariki au wa magharibi, na hesabu hiyo huwapa watu imani wasiyostahili kuwa nayo. Matuta makubwa yamelala kutoka kaskazini kwenda kusini, na kati yake kuna mabonde marefu yanayopitika vizuri; anayefuata bonde husafiri, lakini ukingo ulio karibu uko ng’ambo ya matuta, si mwisho wa bonde. Zile kilomita 40 ni za kupanda na kushuka tuta baada ya tuta, iwe kwa gari au kwa miguu. Hata hivyo, kwa gari moja wakati wa baridi, mabonde hayo ni mahali ninapoweza kupakubali. Mabedui wanaishi humo, magari yao hupita, na njia ya bondeni inaweza kuelezwa kwa mtu aliyebaki nyumbani kwa sentensi mbili naye akaielewa.

Rub al-Khali ni jambo jingine kabisa. Eneo lake linakadiriwa kuwa kilomita za mraba 650,000. Kenya nzima ingeingia ndani yake na nafasi ikabaki. Ukishapita vijiji vya Shisr na Al Hashman ukaingia kwenye matuta ya ndani, hakuna maelezo yaliyoachwa nyumbani yatakayofupisha umbali wa wanaokuja kukutafuta. Huko gari moja lisiende, hata Januari, hata kama dereva ni hodari kuliko sisi sote.

Nimesikia watu wakijitetea kwa majina ya wasafiri wa zamani, kana kwamba wale waliingia jangwani peke yao. Mwingereza Bertram Thomas aliondoka Salalah mwezi wa Desemba 1930, akaivuka Rub al-Khali, akafika Doha mwezi wa Februari 1931, na ni kweli kwamba safari yake aliianza kwa siri. Lakini alikuwa na sheikh Saleh bin Kalut wa kabila la Rashid pamoja na watu waliojua kila kisima na kila ukoo njiani. Mwingereza mwingine, Wilfred Thesiger, aliyelivuka jangwa hilo katika majira ya baridi ya 1946 na 1947, alifuatana na vijana wa Rashid ambao bila wao asingefika popote. Hata waliotangulia kuingia jangwani kwa magari, kama Ralph Bagnold na wenzake huko Misri na Libya katika miaka ya 1920 na 1930, ambao walitufundisha kupunguza upepo wa matairi na kuweka mabati chini ya magurudumu, hawakuingia mchanga mkubwa na gari moja. Walikuwa mashujaa, na walihakikisha kwamba hawako peke yao.

Baridi ina mitego yake pia. Mwishoni mwa Desemba jua letu huchomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutua kabla ya saa kumi na mbili kasorobo jioni. Asubuhi nyingine ukungu wa baharini hutanda juu ya ramla hadi matuta yasionekane, na anayepanda tuta bila kuona upande wa pili anacheza na shingo yake. Toa muda wa ukungu asubuhi, toa saa moja kabla ya magharibi kwa ajili ya kupiga kambi, na utabaki na saa saba hivi za kuendesha. Kukwama mara moja, ukiwa mwenyewe, kunaweza kula saa mbili kati ya hizo. Kwa hiyo panga nusu ya umbali ambao magari matatu yangeenda, na uweke siku moja ya ziada ambayo imeshaandikwa kwenye mpango na kwenye hesabu ya maji.

Mtego ninaouogopa zaidi ni sabkha, kwa sababu unamngoja msafiri mwishoni, wakati amechoka na anaiona bahari. Kusini ya Wahiba kuna Barr al Hikman, tambarare ya chumvi na matope ambayo ndege wahamiaji huijaza wakati wa baridi. Kwa macho ni nyeupe na kavu, na baada ya siku mbili za matuta inaonekana kama barabara. Lakini mvua za majira haya na jua lisilo kali huliacha tope likiwa bichi chini ya ganda jembamba, na ganda likivunjika, gari hushuka hadi kwenye ekseli, na mbao zako zinazama pamoja nalo. Mwenye gari moja asikanyage sabkha isiyo na alama mpya za magurudumu, hata kama kuzunguka kutamgharimu nusu siku.

Vifaa vingine nitavipitia haraka, kwa kuwa vijana wetu wanavijua kuliko mimi. Upepo wa matairi ushuke kutoka paundi 35 hadi kati ya 18 na 15, na aliye peke yake asishuke chini ya hapo bila sababu kubwa, maana tairi likichomoka kwenye ringi juu ya mteremko ni kazi ya watu wawili. Petroli ihesabiwe maradufu ya matumizi ya lami. Blanketi zito ni la lazima, kwa sababu usiku wa Januari bara ni baridi ya kweli.

Winchi ndiyo ninayotaka kuisemea kidogo, kwa kuwa wengi huinunua bila kujiuliza wataifunga wapi. Miti ya ghaf, ile ya jangwani, iko sehemu chache, na haistahili kuumizwa. Usipokuwa na gari la pili, nanga yako ni tairi la akiba, na kulifukia ni kazi inayohitaji mazoezi. Mchanga mkavu wa juu hurudi shimoni kadiri unavyouchota, mpaka ufikie ule wa chini wenye unyevu na ubaridi, ambao husimama wima na kushika umbo la koleo. Hapo unalisimamisha tairi shimoni, unapitisha mkanda katikati ya ringi na kuuzuia kwa chuma kwa nyuma, halafu unachimba mfereji mwembamba kuelekea kwenye gari ili mkanda uvute kwa ulalo badala ya kuling’oa tairi juu. Kisha unafukia na kushindilia. Ijaribu kazi hii ufukweni Ijumaa moja, kabla ya kuitegemea.

Sasa nirudi kwa akina mama. Tunasema tunawaficha kwa kuwahurumia, na siamini kwamba hiyo ni huruma. Wengi wa mama na bibi zetu hapa Maskati walivuka bahari kutoka Unguja, Mombasa au Bujumbura, wengine wakiwa na watoto wachanga, wakaja kuanza maisha upya katika nchi waliyoijua kwa masimulizi. Walingoja barua miezi mizima. Walijifunza kungoja kuliko sisi tulio na simu mkononi, na mtu wa namna hiyo ukweli haumshindi. Kinachomwumiza ni kuja kuambiwa na polisi kwamba mwanawe alikuwa mahali pasipojulikana, na kwamba neno la mwisho alilomwambia lilikuwa la uongo. Mama atalala vibaya usiku mmoja, naam. Lakini mama anayejua ndiye atakayepiga simu saa ile ile uliyomwandikia, wakati rafiki yako atasema tungoje mpaka kesho.

Mwachie karatasi, si ujumbe wa sauti unaopotea kati ya mia nyingine. Iandike kwa lugha anayoisoma. Iwe na rangi ya gari na namba yake, mahali utakapoingilia mchangani, bonde utakalolifuata, pointi za GPS za kambi zote mbili, mahali utakapotokea, kiasi cha maji ulichobeba, na jina la rafiki mwenye gari anayeijua njia hiyo. Halafu iwe na saa moja, iliyoandikwa kwa tarakimu: Jumamosi, saa mbili usiku. Ikipita saa hiyo hujapiga simu, yeye anampigia rafiki yako na Polisi wa Kifalme wa Oman kwa namba 9999, wala hahitaji ruhusa ya mtu yeyote, na mwambie hivyo kwa mdomo wako mbele ya ndugu zako, ili asije kuzuiwa na mjomba anayeogopa aibu.

Karatasi hiyo inakufunga na wewe. Ukiliona bonde jingine zuri zaidi, huliingii, kwa sababu ukiliingia, kila kilichoandikwa kinageuka kuwa uongo na wanaokutafuta watapotezwa na mkono wako mwenyewe. Hata simu ya setelaiti, ambayo nakiri kwamba ni msaada mkubwa kwa anayeweza kuinunua, hailiondoi sharti hili. Huishiwa chaji, huvunjika, na bado inahitaji mtu wa kupokea upande wa pili.

Na ukishatoka mchangani ukafika lami, mpigie mama kwanza, kabla hujateremka kujaza upepo. Kujaza matairi manne kwa kompresa ndogo huchukua karibu nusu saa, na huenda wakati huo yeye ameishika karatasi mkononi, akiitazama saa.