Tulizika tukiwa watu 15, na marehemu hakulalamika

Juzi nimeingizwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha mazishi bila kuulizwa, kama ilivyo desturi hapa Nairobi. Kufikia jioni bajeti ilikuwa imeshabandikwa: hema, viti, vipaza sauti, wapishi, mabasi mawili, fulana zenye picha ya marehemu na, Mungu atusaidie, droni. Bili ya hospitali iko mstari wa mwisho kabisa. Mbele yake wameandika "itajadiliwa".

Halafu kuna watu wanaoniambia korona ilitubadilisha.

Ilitubadilisha lini? Mitungi ya kunawia mikono iliyokuwa kwenye kila mlango wa duka mwaka 2020 imepotelea wapi? Matatu ya abiria 14 iliambiwa ibebe wanane, nauli ikapanda; abiria wamerudi 14, nauli imekataa kushuka. Ada ya M-Pesa kwa pesa ndogo ndogo iliondolewa Machi, mwaka ulipoisha ikarudi. Haya, hayo tuyaache.

Mazishi ndiyo yananitia hasira. Serikali ilisema watu 15, familia ya karibu tu, na shughuli iishe haraka. Mzee mmoja wa ukoo wetu aliapa kwamba kuzika bila kuchinja ni kualika laana. Tukazika. Sala asubuhi, kufikia saa sita kaburi limeshafunikwa, tukanywa chai kwa mkate, kila mtu akashika njia. Laana haijafika hadi leo. Labda imekwama kwenye msongamano wa Thika Road.

Sasa tazama tulikorudi. Mochari hutoza kwa siku. Kamati inakutana hotelini kila jioni, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikingoja mchango utimie. Kila siku wanayongoja, bili ya mochari inapanda. Bili ikipanda, mchango hautoshi. Usipotosha, wanangoja tena. Chai na soda za kikao je? Zimo kwenye bajeti, "matumizi ya kamati".

Marehemu huyu huyu alipokuwa amelazwa, mkewe aliomba pesa za dawa kwenye kikundi cha familia. Akajibiwa kwa vile vikatuni vya mikono ya maombi, vimejipanga mstari. Leo wale wale wanaahidi elfu kumi kumi, na kila usiku mwekahazina anabandika majina na kiasi. Siri iko hapo, kwenye orodha. Mgonjwa hasomewi orodha, kwa hiyo hachangiwi. Wakati wa kafyu, kwa kuwa hapakuwa na hema la mtu kuonekana chini yake, majirani zetu wa mtaa wa Umoja walimtumia mjane mmoja pesa kwenye simu yake, kimya kimya. Alilipa kodi ya nyumba. Hakuna aliyejua nani ametuma ngapi, na hakuna aliyeuliza.

Nakubali, tena shingo upande, kwamba si yote yalikuwa mema. Aprili 2020 kule Siaya mtu alizikwa usiku wa manane na watu waliovalia mavazi ya kujikinga, nchi nzima ikaona. Ule ulikuwa unyama, nisingependa urudi. Wapo pia waliokwama Nairobi jiji lilipofungwa kuanzia Aprili hadi Julai, wakamzika mama kwa kutazama simu. Hao sina la kuwaambia. Na wanasiasa, ambao bila jeneza hawana jukwaa, waliendelea kujaza viwanja huku sisi tukihesabiwa makaburini.

Lakini jamani, kati ya kuzikwa gizani na kuzikwa kwa droni hakuna nafasi hata kidogo?

Tarehe ya kuzika ipangwe kabla ya bajeti, isizidi siku saba. Bili ya hospitali ipande juu kabisa. Na majina ya waliochanga yasisomwe popote, hata kanisani, tuone ni wangapi watabaki kwenye kikundi.