Birika la mama na mtu wa taulo

Kuna mama mmoja ana mgahawa huku Magomeni, chai na supu ya asubuhi, akaniambia mwanangu nataka bango la mita 3 lenye birika langu hili la stili, ling'ae mpaka anayepita na daladala alione. Picha anayo, kanitumia WhatsApp, imeshabanwa mpaka basi, ukiivuta vinatoka vijiboksi tu. Nikamwambia mama hapa dawa ni vekta. Vekta haina pikseli, ni hesabu za nukta na mistari, kompyuta inazipiga upya kila ukikuza, hata ulipeleke saizi ya ghorofa ukingo uko palepale.

Nikaondoka na birika, nyumbani nikaliweka kwenye stuli dirishani, nikalipiga picha ya kuangalizia, nikaingia Inkscape, programu ya kuchorea vekta. Sasa stili sikia, stili siyo kijivu. Watu wanamwaga gredienti moja ya kijivu, yaani rangi inayofifia taratibu, halafu wanashangaa birika limekuwa bomba la plastiki. Stili haina rangi yake, inaazima za majirani, weusi mkali umegusana na weupe mkali bila hata kuagana, na pale tumboni chumba chako chote kimejikunja humo, kwa hiyo ukitaka birika inabidi uchore chumba. Nikatandaza meshi, wavu wa nukta za rangi (Inkscape wanayo toka toleo la 0.92, 2017), kila nukta unaipa rangi yake, usiku kucha niko nayo, doa la kahawia hapa, doa la bluu pale, mi siulizi ni kitu gani, nafuata rangi tu ndo kazi inavyotaka.

Nikaenda na laptopu. Mama kaangalia weee.

"Mwanangu, si umepiga picha tu hii? Hela ya kuchora ya nini?"

Wateja wa supu wakageuka. Nikabonyeza-bonyeza Ctrl na 5, rangi zote zikapotea ikabaki mistari mitupu.

"Umeliharibu!"

Nikarudisha chapchap. Nikasema basi mama tazama, picha ukiikuza inavunjika, hii haivunjiki. Nikazumu. Mfuniko, safi. Mdomo, safi. Nikashuka tumboni, nazidi kuzumu huku najisifu kwa sauti, unaona ukingo huo mama, kuna kijiboksi hapo?

Mzee mmoja akauliza, "Huyo nani?"

Dah. Doa la kahawia lina mabega. Doa la bluu ni taulo, limefungwa chini ya kitovu, simu imeinuliwa usawa wa uso, na kitovu chenyewe nimekipa nukta zake za meshi, kimekolea kivuli vizuri kabisa. Nikakimbilia kitufe cha kupunguza nikagonga cha kuongeza, mara mbili, kitovu kikajaa skrini nzima na bado hakivunjiki.

Mama akavaa miwani.

"Haya, nimeamini umechora. Kamera isingekupa tumbo lote hilo."

Nikaanza kueleza eti birika lina mbinuko, kitu kikikaa katikati lazima kivimbe, nani anasikiliza.

"Hela yako hii hapa, ila huyo wa taulo mtoe, hapa watu wanakula."

Dada wa chapati kule jikoni akadakia, "Mwache tu mama, wajue na maji ya kuoga tunachemsha!"