Mbona watu wa Vietnam hawachoki?

Mwezi wa sita mama alikuja Dar es Salaam kutolewa mtoto wa jicho, akakaa kwangu wiki tatu. Jioni, vyombo vikishaondolewa mezani, mimi huwasha runinga na kuweka filamu za safari. Ndiyo starehe yangu ya miaka mingi, na katika nchi zote Vietnam ndiyo iliyoniteka. Naweza kukutajia ghuba zake, mapango yake na masoko yake, na sijawahi kukanyaga huko. Mama alikuwa akitazama kimya, mkono shavuni, jicho moja bado limefunikwa. Siku ya nne au ya tano wakaonyeshwa akina mama wenye kofia za majani, wameinama majini wanapandikiza mpunga, jua linazama nyuma yao, muziki unalia taratibu. Mama akauliza: "Mbona watu wa huko hawachoki?"

Mama ana mikorosho Newala, na zamani alilima mpunga bondeni. Anajua mtu aliyeinama tangu alfajiri anasimamaje: kwanza anashika kiuno, anatulia hivyo kidogo, ndipo ananyooka. Kwenye filamu ile hakuna aliyenyooka. Kamera iliondoka kabla.

Tangu siku ile nimezirudia filamu nyingi nilizokuwa nazipenda, safari hii nikitazama kwa jicho lake. Na nimefika mahali pa kusema wazi: filamu za safari kuhusu Vietnam zinatupa mandhari na kutunyima sababu. Unaona ukungu, mto, tabasamu na bakuli la supu. Nani kaufanya mpunga uwe pale, kwa makubaliano gani, kwa shida gani, na nani anakula faida, hayo huyapati. Inaniuma kwa sababu naipenda nchi hiyo, na sababu zake ndizo zingetugusa sisi huku kuliko ukungu wake.

Tuanze na mpunga wenyewe. Karibu kila filamu lazima ipite Mu Cang Chai, milima ya kaskazini, mwezi wa tisa, matuta yakiwa yameiva rangi ya dhahabu. Droni inapaa, msimulizi anasema maisha hapa hayajabadilika kwa karne nyingi. Wahmong, watu wa milima hiyo, waliochonga matuta yale kwenye miteremko ile wanastahili kila sifa. Lakini kusema hayajabadilika? Vietnam leo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mchele duniani. Miaka arobaini na kitu iliyopita ilikuwa inaagiza mchele kutoka nje na kugawa chakula kwa kuponi. Hanoi watu walipanga foleni kabla hakujapambazuka, na aliyechoka kusimama aliacha tofali limshikie nafasi. Nilipomsimulia mama habari ya matofali alicheka mpaka akashika jicho. "Sisi tuliweka mawe," akasema, kisha akaanza kunihesabia: sabuni, sukari, unga wa njano waliouita wa Yanga.

Mwaka 1986 chama tawala cha Vietnam kilipitisha mageuzi wanayoyaita Doi Moi. Mwaka huohuo Tanzania nayo ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1988 likaja kwao Azimio namba 10, lililotoa kilimo mikononi mwa ushirika na kuipa kaya shamba kwa mkataba wa muda mrefu, ijipangie yenyewe na kuuza yenyewe. Mwaka 1989 nchi iliuza nje zaidi ya tani milioni moja za mchele, hasa kutoka delta ya Mekong kule kusini. Sisi tulioishi vijiji vya ujamaa, au tuliozaliwa na walioviishi, tungekaa mkao wa kula kusikiliza kisa hicho. Tungebishana nacho. Badala yake tunaambiwa wakati umesimama.

Ghuba ya Ha Long ni vivyo hivyo. Uzuri wake haubishaniwi: visiwa vya mawe karibu 1,600 vimechomoza baharini, na UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1994. Mpaka leo nakutana na filamu zinazoonyesha vijiji vinavyoelea kana kwamba watoto wa pale bado wanalala juu ya maji. Mwaka 2014 familia zaidi ya 300 zilihamishiwa nchi kavu, zikapewa nyumba. Wengine wanarudi mchana kuwapigia watalii makasia kwenye maji yaleyale waliyozaliwa juu yake. Kumbe kuna filamu nzima pale: mvuvi anajifunza kulala juu ya kitu kisichotikisika. Sijaiona bado.

Na soko linaloelea la Cai Rang, mjini Can Tho, kwenye delta ileile ya Mekong. Hapa kuna jambo moja dogo ninalolipenda sana. Kila mashua ya mfanyabiashara ina mti mrefu uliosimamishwa mbele, na juu ya mti huo inaning'inizwa sampuli ya bidhaa: nanasi, boga, kitunguu. Mnunuzi anasoma kwa mbali, hana haja ya kupiga kelele. Ukiona kilichoning'inizwa ni kuti, ujue kinachouzwa ni mashua yenyewe. Msimulizi hulitaja hili kwa furaha, kama fumbo la kupendeza. Angekaa siku mbili zaidi angeuliza kwa nini mtu auze mashua yake. Barabara zimefika, madaraja yamejengwa, lile kubwa la Can Tho likafunguliwa mwaka 2010, na malori yanabeba kwa saa chache mzigo uliokuwa unabebwa kwa siku. Mito ya juu imewekewa mabwawa, tope linaloirutubisha delta linapungua, na maji ya chumvi yanapanda kutoka baharini mpaka mashambani. Ukame wa 2016 na ule wa 2020 uliwaumiza watu vibaya. Kuti lile lina habari nyingi ndani yake.

Kuhusu vita sitasema mengi. Filamu za Wamarekani hazijui kuiacha; dakika ya kumi haijapita, unasikia helikopta. Vita viliisha tarehe 30 Aprili 1975 na Wavietnam walio wengi leo wamezaliwa baada ya hapo. Wanastahili kuonyeshwa kama watu wenye miaka yao wenyewe.

Pango la Son Doong, ndani ya hifadhi ya Phong Nha-Ke Bang, limenifundisha kitu kingine. Linahesabiwa kuwa pango kubwa kuliko yote yanayojulikana duniani. Kuna mahali dari lake liko mita 200 juu, na msitu umeota humo ndani pale paa lilipoporomoka. Mwanakijiji aitwaye Ho Khanh ndiye aliyeuona mdomo wake mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipokuwa msituni akitafuta riziki. Alijikinga mvua, akasikia upepo na mngurumo wa mto kutoka chini ya ardhi, akaogopa kuingia. Baadaye akapoteza njia ya kurudi pale. Alikuja kulipata tena mwaka 2008, na mwaka 2009 akawapeleka wapima mapango wa Kiingereza walioongozwa na Howard Limbert. Katika filamu nilizoziona mimi, Waingereza wanaeleza kwa kirefu, kamba na taa zao zinaonekana vizuri, na Ho Khanh anapewa nusu dakika, mara nyingi akiwa anatembea mbele bila kusema. Na nyuma yake wapo wapagazi. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro atawatambua hata gizani: mizigo mgongoni, viatu vyepesi, wanafika kambini kabla ya mgeni ili mgeni akute chakula kimeiva. Nataka kujua wanalipwa kiasi gani. Nataka kujua kabla ya pango waliishi kwa kutegemea nini. Hata dakika tano zingetosha.

Sitaki ionekane hakuna kinachonifurahisha. Ipo filamu moja fupi, ambayo aliyeitengeneza alikuwa na subira, iliyokaa kisiwani Phu Quoc ndani ya banda la kutengenezea nuoc mam, ule mchuzi wa samaki usiokosekana kwenye meza ya Mvietnam. Ndani ya banda kuna mapipa ya mbao marefu kupita mtu, yamefungwa kwa kamba nene zilizosokotwa. Samaki wanaotumika wanaitwa ca com. Com ni wali. Nikamwambia mama, na yeye akageuka kunitazama, maana samaki hao hao wadogo weupe sisi watu wa pwani tunawaita dagaa mchele. Bahari mbili, walaji wasiojuana, wote wamemwangalia samaki yuleyule wakaona punje.

Vipimo ni samaki sehemu tatu, chumvi sehemu moja, na kusubiri mwaka mzima au zaidi. Chini ya pipa kuna bomba. Maji yanayotoka yanamwagwa tena juu, yashuke tena, siku hadi siku, mpaka rangi ifike ile ya asali nyeusi. Kamera ilimfuata mzee mmoja anayepanda ngazi na ndoo, anashuka, anapanda. Mara ya sita alisimama katikati ya ngazi akapumua. Hakuna muziki uliowekwa pale. Mama alikuwa na maswali: mwaka mzima hawaozi? Mainzi? Chumvi ya kwao inatoka wapi? Kwa mara ya kwanza hakuuliza mbona hawachoki.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikaa rohoni. Katika filamu zote nilizotazama kwa miaka yote hiyo, sijaona korosho. Na korosho ndiyo inayotuunganisha na Vietnam kuliko kitu kingine, ukiacha laini ya simu ya mama, ambayo ni ya Halotel, mali ya Viettel, kampuni ya simu ya Vietnam, iliyoingia nchini mwaka 2015. Vietnam imeongoza duniani kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa tangu mwaka 2006. Mikorosho yake yenyewe haitoshi kulisha viwanda vyake, kwa hiyo inanunua korosho ghafi Afrika Magharibi, Kambodia, na kwetu. Zile za Newala, Tandahimba na Masasi zinapita kwenye chama cha msingi, zinaingia ghalani, zinapigwa mnada, zinashuka bandarini Mtwara, kisha kwa mkulima zinakuwa kama zimezama. Kila msimu tunagombana kuhusu bei, na tuna haki. Mwaka 2018 serikali yenyewe ilinunua kwa shilingi 3,300 kilo, magari ya jeshi yakazisomba. Lakini muulize mkulima yeyote zikifika huko nani anazipokea, nani anazibangua, mkono gani unazimenya, hajui. Mimi mtoto wa korosho sikujua.

Zinakwenda mahali kama Binh Phuoc, mkoa wa korosho kaskazini ya Ho Chi Minh City, ambao tangu Julai 2025 umeunganishwa na Dong Nai. Watengeneza filamu hawaendi huko. Hakuna ukungu, hakuna ghuba, kuna mabati na magunia. Pengine baadhi ya magunia hayo yana maandishi ya Kiswahili ubavuni. Natamani mmoja wa vijana wetu wenye kamera, na tunao wazuri Dar na Mtwara, afunge safari moja akiwa na gunia: aanze chini ya mkorosho, mabibo yameanguka, nyuki wanavuma, amalizie kwa mtu anayepakia kiini cheupe kwenye boksi linalokwenda Marekani au Ulaya. Aulize bei kila kituo. Hiyo ndiyo filamu ya safari ninayoitaka, na hakuna mgeni atakayetutengenezea.

Wiki ya mwisho ya mama nilitafuta usiku kucha nikapata video fupi, mtu kapiga kwa simu ndani ya kiwanda kidogo. Haina msimulizi. Mwanamke kakaa kwenye benchi mbele ya mashine ya kukatia, ile ya mkono na kanyagio. Mkono wa kushoto unaweka korosho kati ya visu viwili, mguu unakanyaga, ganda linapasuka, ncha ya kisu kidogo inachokoa kiini kitoke kizima. Kanyaga, chokoa, weka. Kama dakika sita hivi. Halafu akaacha, akakunja vidole na kuvikunjua, akajifuta paji la uso kwa kiwiko ili mafuta ya ganda, yanayounguza ngozi, yasimguse usoni, akaendelea.

Mama akasogeza kiti karibu na runinga. "Rudisha nyuma," akasema. Nikarudisha. "Hapo. Simamisha." Alikuwa anaangalia vidole vya kushoto vya yule mwanamke, vilivyoingia weusi kwenye kucha.

"Sisi tulikuwa tunapaka majivu kabla ya kubangua," akasema. "Wao wanapaka nini?"

Tukaianza tena mwanzo, tuone kama ataonyesha.