Shemeji Azama Mlimani

Shemeji amefika Uhuru. Hilo atakuambia kabla hujamaliza kumkaribisha chai. Mita 5,895, cheti anacho, na picha ya kileleni imetundikwa sebuleni juu kuliko ile ya harusi yake na dada yangu. Kwa hiyo walipokuja kututembelea New Hampshire, Marekani, mwishoni mwa Aprili, akasikia kuna mlima wa kupanda, haufiki hata mita elfu moja na una msitu mpaka karibu na kilele, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Shemeji, hicho kwetu ni kichuguu."

Sasa, milima midogo ya huku mwezi wa nne ina maswali yake mawili, na urefu haumo: unaanza saa ngapi, na njia inapita upande gani. Theluji inayolainika mchana hugandishwa tena na baridi ya usiku, asubuhi unaikuta ngumu kiasi cha kubeba mtu mzima na mzigo wake. Jua likishapanda, mkataba umevunjika. Ndiyo maana tulipatana kuondoka saa 12 asubuhi. Shemeji mwenyewe kanuni hii anayo mwilini ila hajui kwamba anayo: Kilimanjaro walimkurupusha usiku wa manane kwenda kileleni, na sababu mojawapo ni kwamba changarawe za mteremko ule zikiwa zimeganda hazikurudishi nyuma kila unapopiga hatua. Nilimkumbusha hilo nikiwa mlangoni kwake, yeye akiwa bado ndani ya blanketi. Akajibu kwamba kule walikuwepo wapagazi wa kumletea chai.

Tukaanza kupanda saa 4 na robo.

Sehemu ya chini ya njia inatazama kusini, na huko theluji ilikuwa imeshaisha. Kilichobaki ni tope, na tope la majira haya si la mvua tu. Udongo wa juu umeyeyuka, wa chini yake bado umeganda, kwa hiyo maji hayana pa kushukia. Yanakaa hapo hapo yakikusubiri. Dawa yake ni moja: pita katikati, chafuka, endelea. Ukikwepa pembeni unakanyaga mizizi na miche, anayekufuata anakwepa zaidi yako, na njia iliyokuwa ya mtu mmoja inageuka barabara. Baadaye maji ya mvua yanashuka humo na kuondoka na udongo wote. Hata jirani zetu wa Vermont, chama cha Green Mountain Club kilichoanzishwa 1910, kila mwaka huwaomba watu wasikanyage njia zenye tope mpaka mwisho wa Mei. Kwenye milima ya Adirondack, jimbo la New York, ombi huwa ni kutopita kimo cha mita 760 hivi mpaka pakauke. Njia yetu haikuwa imefungwa. Tuliachiwa akili zetu.

Shemeji alivaa buti la kuazima, na lilimzidi namba moja. Kitu cha watu hakichafuliwi, akasema, akawa anaruka kutoka jiwe hadi mzizi, mzizi hadi jiwe. Mzizi uliochubuka gome, ukiwa umelowa, hauna utani na mtu. Alikaa kitako katikati ya tope lile lile alilokuwa akilikimbia, akabaki hapo kidogo, kisha akaniambia anapumzika.

Mbele kidogo akalalamika miguu inachemka, akalegeza kamba za mabuti. Nikamwambia azikaze, maana kiatu kinachokuzidi na kamba legevu ni vitu viwili vinavyotafutana. "Damu lazima ipite, shemeji." Haya, ikapita.

Njia ilipozunguka bega la mlima na kuingia upande wa kaskazini, tulibadilisha majira kwa hatua zisizozidi ishirini. Jua huko halifiki vizuri, misonobari imeshonana, na kimo nacho kina mchango wake, kwani kila mita mia unazopanda joto hupungua kwa zaidi ya nusu digrii. Theluji ilikuwepo, tena nyingi. Na katikati yake ilikuwepo reli.

Reli ndilo jina ambalo wapandaji wa huku hulitumia. Majira yote ya baridi watu hupita mstari mmoja na kuishindilia theluji mpaka inakuwa barafu. Machipuko yakifika, ile isiyokanyagwa inalegea na kunywea, ile iliyoshindiliwa inabaki imesimama. Unapata tuta la barafu lenye upana wa futi moja, limeinuka katikati ya njia, na pande zote mbili ni theluji inayoonekana imara kwa macho tu. Ukikaa juu yake unafika. Ukitoka, unazama.

Hapo ndipo pa kuvaa meno ya chuma: mpira unaovalishwa juu ya buti, chini yake minyororo na vijimeno vya sentimita moja hivi. Mpira una upande wa vidole na upande wa kisigino. Unaanza na vidole, kisha unavuta nyuma kwa nguvu mpaka minyororo ikaze chini ya unyayo. Shemeji alianza na kisigino. Minyororo yote ikakusanyika chini ya katikati ya unyayo, akasimama juu ya rundo la chuma na kuniuliza kwa nini amekuwa mrefu. Tukavua, tukageuza. Hata yakivaliwa sawasawa, theluji iliyolowa huganda kati ya vijimeno na kufanya donge, na ukiwa juu ya donge meno hayagusi kitu. Inabidi kila baada ya muda ulibomoe kwa kugonga ubavu wa buti na fimbo. Shemeji alikuwa akiligonga kwa kupiga teke miti. Miti ikawa inamwangushia theluji shingoni.

Tulikuwa tumekwenda vizuri hivyo, na saa ilikuwa inakaribia 8 mchana, walipotokea wazee wawili wakishuka: bibi mbele, babu nyuma, wote wamevaa vile viatu vipana vya theluji vinavyotawanya uzito. Walikuwa wakitembea bila haraka, wanazungumza mambo yao.

Sheria ya reli ni kwamba wanaokutana wanasimama, mmoja anatafuta mahali palipokanyagwa, au wenye viatu vipana wanapita pembeni, kwa kuwa wao hawazami. Bibi alikwisha kuanza kutoka kwenye tuta. Lakini Shemeji kalelewa vizuri. Aone mtu mzima anampisha yeye? Akavua kofia, akapiga hatua moja kubwa upande wa kushoto, palipokuwa na msonobari mdogo mzuri, na shikamoo ikamtoka yenyewe.

"Shi" ilitoka akiwa na urefu wake wote. "Kamoo" ilitoka akiwa mfupi kuliko bibi.

Ule msonobari mdogo mzuri ndio mtego wenyewe. Matawi yake ya chini hukinga theluji isifike shinani, kwa hiyo chini yake kunabaki uwazi, na juu ya uwazi ngozi nyembamba ya theluji isiyo na hatia yoyote usoni. Mawe makubwa nayo ni hivyo hivyo. Hupata joto la jua na kuyeyusha theluji inayoyazunguka. Mguu wa kushoto wa Shemeji ulikwenda wote, mpaka nyonga. Wa kulia ulibaki juu ya reli, umekunjwa kwa namna ambayo nadhani hata mwenye nao hakujua inawezekana.

Bibi akamwangalia, akatabasamu, akajibu kwa Kiingereza kwamba ni kweli kabisa, leo hali ya hewa ni nzuri.

"Shemeji," akaniita kwa sauti ndogo, "mbona nasikia maji?"

Nami niliyasikia. Vijito vya milimani vinapofunikwa na theluji havisimami, vinaendelea na kazi yao chini kwa chini na kuila theluji kutokea tumboni. Chini ya buti lake palikuwa na kimoja. Akaanza kujivuta kwa nguvu, nikamzuia. Ukizama, kisigino chako kinashindilia theluji kuzunguka mguu, na ukivuta kwa pupa kinachokubali kwanza ni goti.

Akatoa simu. Akataka helikopta. Nikamweleza kwamba katika jimbo hili, mtu akiokolewa mlimani na ikaonekana alifanya uzembe, anaweza kuletewa bili ya gharama za uokoaji. Akatafakari. "Na kulegeza kamba ni uzembe?" Nikamwambia hilo wataamua wao. Simu ikarudi mfukoni, akaanza kuchimba kwa mikono.

Utaratibu wa kumtoa mtu ni huu. Fimbo mbili zilazwe chini kwa mapana, azikandamize kwa viganja, maana akikandamiza theluji tupu mikono nayo itazama. Kisha chimba nyuma ya mguu, kwenye shavu la mguu na kisigino. Watu wengi huchimba mbele kwa sababu ndiko wanakokuona, na wanapoteza muda. Mguu uchezeshwe taratibu, vidole chini, kisigino juu, mpaka nafasi ipatikane. Mwisho anajilaza kifudifudi juu ya reli na kujiburuta. Kusimama atasimama baadaye. Akiwa amelala, uzito umetawanyika.

Bibi alivua kiatu chake kimoja kipana na kukifanya sepetu. Alichimba kwa kasi iliyotutia aibu. Babu alishika kofia ya Shemeji na kutoa maoni.

Ukafika wakati wa kuvuta. Nikashika kwapa moja, babu akashika la pili, tukamng'oa Shemeji kama muhogo. Akatoka. Mguu ukatoka. Soksi ikatoka, ya pamba, nyeupe enzi zake. Buti halikutoka.

Tukachungulia wote wanne. Lilikuwa chini huko, limekaa wima kwa heshima zote, maji yanaingia kwa mbele na kutokea kisiginoni.

Mkono haukufika. Nilikwishaanza kufikiria namna ya kumshusha Shemeji kichwa chini huku tumemshika vifundo, naye aliligundua wazo hilo kabla sijalitamka na kusogea mbali. Bibi ndiye aliyechukua fimbo yangu. Karibu na ncha ya fimbo huwa kuna kisahani cha plastiki cha kuizuia isizame. Akakiingiza ndani ya buti, akalaza fimbo kidogo mpaka kisahani kikanasa chini ya ulimi wa kiatu, akavuta polepole bila kubadilisha pembe. Buti likapanda limejaa maji, likamwagikia lile la kulia, ambalo mpaka hapo lilikuwa kavu.

Soksi ya pamba ikilowa haikusaidii kitu tena, na mtu aliyelowa, kwenye digrii nne au tano na upepo, anaweza kuzidiwa na baridi hata bila ya kuganda chochote. Kwa hiyo vua, kausha mguu kwa kitambaa, vaa soksi kavu ya sufu, na kwa kuwa buti lenyewe bado ni ndoo, mvalishe mfuko wa plastiki juu ya soksi ndipo arudi ndani. Mfuko niliokuwa nao ulikuwa wa mikate. Shemeji alishuka mlima akitoa mlio wa duka la mikate kila hatua, kamba zimekazwa mpaka jicho linamtoka.

Ndiyo, tulishuka. Kilele kilikuwa umbali wa nusu saa na kila dakika reli ilikuwa inazidi kulainika. Alitaka kujua kama hapo alipozama hapawezi kuhesabiwa.

Kijito cha chini, ambacho asubuhi kilitufika vifundoni, sasa kilikuwa magotini. Kila kilichoyeyuka mchana kutwa kilikuwa kinashuka hapo. Tukafungua mikanda ya mabegi kiunoni, ili mtu akianguka begi liachane naye, tukaelekea juu kwa uso, yaani kule maji yanakotoka, fimbo mbele, tukasogea kiubavu, mguu mmoja baada ya mwingine. Shemeji alivuka bila neno. Mfuko wa mikate ulijaa.

Nyumbani, kabla ya chakula, ni kujikagua kupe. Aprili tayari wapo, hasa mahali penye majani makavu, na huwa hawasubiri theluji ya juu iishe. Angalia nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Shemeji alijifungia bafuni. Kukawa kimya, kisha likaja swali kupitia mlangoni, kwamba kupe akipatikana anatolewaje, kwa faida ya elimu tu.

Nikampitishia kibano chenye ncha nyembamba chini ya mlango. Mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja kwa juu, usimzungushe, usimpake mafuta, usimchome na kiberiti. Halafu osha kwa sabuni.

"Shemeji."

"Naam."

"Mahali alipo simwoni bila kioo cha pili. Unaweza kuja mara moja?"

Nikamwita dada.